Kasha Lenye Dirisha

Lemayan alikuwa mtu wa kunusa hata chai aliyoichemsha mwenyewe. Sasa mtu wa namna hiyo umwekee mbele makasha mawili ya kompyuta, moja lina dirisha la kioo ubavuni na jingine limefunikwa pande zote, halafu fundi amwambie kwa upole, "Chukua hili lililofunikwa." Unadhani atafikiri nini?

"Kwa nini hutaki nione ndani?" aliuliza.

Fundi Zabron hakuinua uso haraka. Alikuwa ameketi kwenye karakana yake, ambayo ni chumba cha mbele cha nyumba yake pale Magomeni, Kilosa, akifuta bisibisi kwa kitambaa. Alikuwa Mkaguru wa milimani, mtu wa miaka arobaini na kitu, aliyeanza kufungua redio akiwa bado mwanafunzi wa shule ya misheni, kisha akaenda Dar es Salaam miaka sita kufunga kompyuta za watu. Alirudi kwao na ujuzi ambao huko barabarani, kuanzia Morogoro mpaka Iringa, ulikuwa haupatikani kirahisi. Na hakuwa mtu wa kujisifu, jambo ambalo Lemayan pia alilitilia shaka.

"Uone ndani ili iweje?" Zabron alisema. "Kompyuta haitazamwi tumbo, mdogo wangu, inatazamwa uso. Hilo la kioo ni zuri, sikatai. Jeusi, lina taa za buluu, wateja watalipenda. Lakini uso wake wote ni plastiki tupu, hewa itaingilia wapi? Wewe uko Mikumi, kando ya barabara kuu, malori hayakatiki. Na mashine unayotaka nikufungie ni ya moto sana. Hili la pili lina matundu mbele na nyuma, lina nafasi ya feni tatu. Ni baya, lakini litakaa."

Ni kweli lilikuwa baya. Lilikuwa kubwa, zito, lenye rangi ya maziwa yaliyolala. Lemayan alilizunguka kama anayenunua fahali, akaliinamia, na ubavuni akaona mahali palipokwanguliwa kwa kitu chenye ncha.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Namba ya ofisi. Lilitoka kwenye shamba moja la mkonge. Shamba lilipouzwa kwa wenye mali wapya, vyombo vya zamani vikapigwa mnada. Walikwangua namba zao kabla ya kuuza."

"Wenyewe walikwangua?"

"Wenyewe."

Bomani kwao Lemayan, ng'ombe akionekana amekatwa sikio upya juu ya alama ya zamani, aliyemshika huwa na maelezo marefu na mazuri kama hayo.

Huo ulikuwa mwaka 2004. Soko lilikwisha kufunguliwa milango yote, na kila kilichochokwa nchi za watu kilikuwa kinashushwa bandarini na kupandishwa huku bara: magari, makoti, majokofu, na kompyuta pia. Lakini kompyuta hizo za mitumba zilikuwa za kuchapia barua. Lemayan alipiga video za harusi, za kipaimara na za kuaga mabibi harusi, na studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la maua karibu na stendi ya Mikumi. Kwa miaka minne alikuwa anaunganisha picha kwa deki mbili na kidole gumba. Sasa wateja walikwenda Morogoro wakaona kanda ambazo jina la bibi harusi linaruka angani na mioyo inapasuka juu ya keki, wakarudi wakamtazama kwa huruma. Alihitaji mashine yenye nguvu ya kufanya hayo, na mashine hiyo ilibidi ijengwe kipande kwa kipande.

Baba yake, Mzee Sendeka, alikubali kuuza maksai sita kwa ajili hiyo. Alikubali kwa sharti moja, na sharti hilo alilitoa mbele ya ndugu zake wote.

"Ukiibiwa," alisema, "hata kipande kidogo namna gani, unarudi kuchunga. Mtu asiyeweza kulinda maksai sita mjini hana kazi mjini."

Sasa ujue kwamba Lemayan aliipenda kazi yake kupita kiasi. Aliipenda ile saa ambayo ukumbi wote unageuka kuitazama kamera, na wazee waliokuwa wakimwita kijana wa ng'ombe wanamsogezea kiti. Kurudi uwandani na fimbo begani, huku wadogo zake wakimcheka chini chini, kwake ilikuwa sawa na kufa. Kwa hiyo aliapa kwamba hataibiwa. Orodha ya vipande alimwandikisha Zabron, lakini kununua alikwenda Dar es Salaam mwenyewe, duka kwa duka, na kila kipande alikipakata kwenye basi mpaka Mikumi. Kasha jeusi lenye dirisha alilinunua huko huko, kwa akili yake, maana lilikuwa kasha la kwanza kuliona maishani mwake ambalo fundi hawezi kuficha kitu ndani yake.

Hata hivyo kioo peke yake hakikumtosha. Kupitia kioo ungeona kijiti cha memori, sawa, lakini ungejuaje kwamba ni kile kile chako? Vijiti vyote vinafanana. Namba zipo, zimechapwa kwenye karatasi ndogo, lakini karatasi hubanduliwa ikabandikwa pengine. Na fundi huyu, kwa upole wake wote, alikuwa mtu wa mashambani. Tangu ule mwaka wa vurugu, wafugaji na wakulima walipouana, watu wa boma na watu wa majembe wilayani Kilosa walikuwa wanasalimiana kwa mdomo tu, macho yakiwa kwingine. Mzee Sendeka hakuacha kumkumbusha hilo.

Basi mchana mmoja, pazia la maua likiwa limefungwa, Lemayan alivitandaza vipande vyake kitandani akavitia alama ya ukoo. Alama yao ni mikato miwili ukingoni mwa sikio la kushoto. Kwenye diski aliikwaruza juu ya bati. Kwenye kadi ya kunasia video aliikata kwenye kona ambayo haikuwa na kitu. Vikabaki vijiti viwili vya memori, vibao vya kijani vyembamba, vyenye chipu nyeusi nyeusi zilizopangwa mstari. Alitafuta ukingo mtupu upande wa kushoto, akatia kisu. Hapa hapana kitu, alijiambia, ni kama ncha ya sikio, hata ndama halii sana. Kijiti cha kwanza alikikata kwa woga. Cha pili mkono ulikwisha kuzoea, kisu kikaingia vizuri, akafurahi. Aliona amewazidi ujanja mafundi wote wa nchi hii.

Vipande hivyo ndivyo vilivyokuwa mezani kwa Zabron siku ile ya ubishi wa makasha. Fundi alivitoa kimoja kimoja kwenye mifuko yake, akivihesabu kwa sauti ili wote wawili wasikie. Alipofika kwenye vijiti vya memori aliacha kuhesabu. Alikiinua kimoja kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akainua na cha pili.

"Hivi vijiti ulivinunua vikiwa hivi?"

"Hivi vipi?"

"Hivi vilivyo."

Siri ya alama ni mwizi asijue kwamba ipo. "Ndivyo vilivyo," alijibu, akajifanya anafukuza inzi.

Zabron aliviweka mezani. "Haya," alisema. "Na kasha?"

"La kioo."

"Haya. Mali yako."

Aliomba siku nne. Lemayan alitamani kukaa pale pale kwenye benchi siku zote nne bila kupepesa, na siku ya kwanza alikaa kweli, akimsimulia fundi sharti la baba yake na harusi ya Jumamosi ijayo, ili aogope kumwibia. Rebeka, mke wa fundi, alimletea ugali na mlenda saa saba, na chai saa kumi, akamuuliza habari za mama yake, akamkirimu kama mgeni wa heshima. Lemayan alikula na kushukuru, huku akijiuliza ni kwa nini wanamkirimu hivyo. Siku ya pili ilibidi aondoke, kulikuwa na kipaimara Mikumi na alikwisha kupokea kazi hiyo.

Jumatano simu yake ikalia. Alikuwa Zabron.

"Mashine yako iko tayari," alisema fundi. "Inafanya kazi vizuri sana. Ila nimeifunga kwenye lile kasha kubwa."

"Lipi kubwa?"

"Lile langu. Sikuongezei kitu kwa ajili yake, lichukue tu. Lako la kioo lipo hapa, zima kabisa."

"Tulikubaliana la kioo, fundi."

"Joto, Lemayan. Nitakueleza ukija." Kisha akaongeza, "Usiwe na wasiwasi."

Jamani, kuna watu ambao ukiwaambia wasiwe na wasiwasi ndio umewamaliza. Lemayan alisimama katikati ya studio na simu mkononi. Mtu ananunua kasha lenye dirisha, fundi anaihamisha mashine kwenye kasha lisilo na dirisha, tena bure! Tangu lini fundi akatoa kitu bure? Kila neno la Zabron lilijipanga upya kichwani mwake. Namba zilizokwanguliwa. Vijiti kuinuliwa kwenye mwanga. Ugali na mlenda. Aliuona wizi wote kama anavyoona picha kwenye kioo cha kamera, mwanzo mpaka mwisho, na katika picha hiyo hakukuwa na kona moja yenye giza.

Jambo baya zaidi ni kwamba hangekwenda peke yake. Mzee Sendeka alikwisha kusema kwamba siku ya kuchukua mashine atakwenda mwenyewe, akaone maksai wake wamegeuka kuwa kitu gani. Alhamisi asubuhi alikuwa stendi ya Mikumi na shuka lake jekundu na fimbo yake, amefika kabla ya basi.

Walipita Ulaya, hii Ulaya ya kwetu ya mpunga na baiskeli, wakapakiza magunia ya siku ya soko, wakaendelea. Vumbi liliingia kwa madirisha yote. Mara moja tu mzee aliuliza, kwa Kimaa cha kwao, "Unamwamini?"

"Hapana," alisema Lemayan.

"Vizuri," alisema mzee.

Zabron aliwapokea mlangoni. "Shikamoo, mzee," alimwambia Sendeka, akainama.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, mzee. Karibuni ndani. Rebeka, wageni wamefika!"

Lemayan naye alimwamkia fundi shikamoo kama adabu ilivyotaka. Macho yake yalikwisha kuingia ndani kabla yake. Kasha baya lilikuwa juu ya meza, limefungwa kwa skrubu sita. Lile jeusi lilikuwa sakafuni pembeni, tupu, na kupitia dirisha lake ulionekana ukuta.

Zabron aliiwasha mashine. Iliwaka bila kigugumizi. Alichukua kanda ya kipaimara kimoja cha zamani ambayo Lemayan alimwachia kwa majaribio, akaonyesha jinsi picha zinavyoingia, zinavyokatwa, zinavyounganishwa, na jina la mtoto likaruka juu ya skrini kwa herufi za dhahabu. Mzee Sendeka alisogea mbele. Aliangalia kwa makini, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubali, na kwa dakika hiyo moja Lemayan angeweza kuushika mkono wa fundi, akasema asante, akabeba mashine yake akaenda zake. Kila alichokitaka kilikuwa mbele yake kinawaka.

"Fungua," alisema.

Zabron aligeuka. "Nifungue nini?"

"Kasha. Nataka kuona ndani."

"Ndani kuna nini? Utaingiza vumbi bure. Imefungwa vizuri, na imekaa siku nzima bila kuzima."

"Fungua, fundi. Au kuna kitu?"

Zabron alimtazama yeye, akamtazama baba yake. Alizima mashine, akafungua skrubu moja moja, akauweka ubavu wa kasha kando. Lemayan aliinama na tochi ya simu. Diski: mikwaruzo miwili, ipo. Kadi ya video: mikato miwili konani, ipo. Kijiti cha kwanza cha memori kilikuwa na mikato miwili ukingoni, kushoto. Kijiti cha pili ukingo wake ulikuwa umenyooka, mzima, bila jeraha lolote.

Alinyanyuka, na nitasema ukweli: hakuhuzunika hata kidogo. Alijisikia raha. Wiki nzima alikuwa anabeba shaka peke yake, na sasa ilikuwa na mwili, unaweza kuigusa kwa kidole.

"Mwizi!" alipiga kelele. "Baba, njoo uone! Hiki si changu! Changu nilikitia alama, na huyu hajui! Ndiyo maana alikataa kioo! Ndiyo maana alinipa kasha bure! Mwizi mkubwa wewe!"

Magomeni nyumba ziko karibu karibu. Muuza mafuta ya taa wa jirani alikuwa wa kwanza kufika mlangoni, kisha wanawake wawili na ndoo zao, kisha watu ambao hata hukujua wametoka wapi. Rebeka alitoka chumba cha nyuma na birika mkononi.

"Unamwita nani mwizi?" alisema. "Nyumbani kwangu? Umekula hapa, Lemayan! Umekaa kwenye hilo benchi umekula chakula changu!"

"Nilikula, na mmekula changu!"

Mzee Sendeka hakupaza sauti. Aliinua fimbo yake kidogo tu, mwanawe akanyamaza. Aliinama akatazama kile kijiti kisicho na alama, akanyoosha mgongo, akamgeukia Zabron kwa Kiswahili chake cha taratibu.

"Fundi. Kwetu, mtu akikabidhiwa ng'ombe, na ng'ombe akafa mikononi mwake, haji na maneno. Anakuja na ngozi, na sikio liko kwenye ngozi. Ng'ombe wa kijana wangu hayupo. Ngozi iko wapi?"

Lemayan alimtazama fundi usoni akisubiri aanze kubabaika.

"Ipo, mzee," alisema Zabron.

Alinyoosha mkono kwenye rafu, akashusha kopo la maziwa ya unga, na ndani yake akatoa kijiti kilichoviringishwa kwenye karatasi. Alikifungua akakiweka katika kiganja cha mzee. Kilikuwa na mikato miwili ukingoni, kushoto.

"Kimekufa," alisema Zabron. "Sitaki uamini maneno yangu. Ngoja."

Alichomoa kile kizima, akachomeka cha Lemayan mahali pake, akawasha. Feni zilizunguka, mashine ikalia tii, tii, tii, na skrini ikabaki nyeusi. Akazima, akabadilisha tena, akawasha, na herufi za dhahabu zikarudi. Alifanya hivyo mara mbili, polepole, ili hata yule muuza mafuta wa mlangoni aone. Kisha akakirudisha kile kilichokufa kiganjani mwa mzee.

Mzee Sendeka alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mikato. Mtu aliyekata masikio ya ndama miaka hamsini hahitaji kuelezwa kina cha mkato. "Huu wa kwanza umeishia ukingoni," alisema. "Huu wa pili umeingia ndani."

"Ndani ya huo ubao mna nyaya, mzee, nyembamba kuliko unywele. Hazionekani. Zinapita mpaka huko ukingoni."

Mzee alimgeukia mwanawe. Alimuuliza kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

"Nani alikata?"

"Mimi," alisema Lemayan.

"Na hiki kisicho na alama, ni cha nani?"

Rebeka ndiye aliyejibu, birika bado mkononi. "Ni cha mashine ya mume wangu mwenyewe! Ile pale, imekaa wazi tangu Jumatatu, kazi za watu zimelala. Nilimwambia, mwite mwenye mali aje aone alichofanya. Akasema hapana, kijana ana harusi Jumamosi, baba yake atamrudisha kuchunga. Sasa ona."

Lemayan alitamani ardhi ipasuke. Hata hivyo shaka ni kitu chenye roho ngumu, na ndani yake bado ilikuwa inatapatapa, inatafuta pa kushika. "Kwa nini hukuniambia?" alisema. "Kama kweli kilikufa, kwa nini ulinificha?"

"Nilikuuliza," alisema Zabron. "Siku ile ile, kabla sijagusa kitu. Ukaniambia ndivyo vilivyo. Nikajua umevitia alama kwa sababu yangu, na hutaki nijue. Sasa nikupigie simu niseme, Lemayan, kijiti chako kimefia kwangu. Ungeniambia nini?"

Lemayan alijua vizuri angemwambia nini. Maneno hayo alikuwa ndiyo kwanza ameyamaliza kuyapigia kelele.

"Na kasha?" aliuliza, sauti imekwisha.

"Kasha ni joto. Niliifunga kwenye la kioo kama ulivyotaka, ikazima mara tatu kabla ya saa tisa. Hilo ni kweli tupu." Zabron alimgeukia Sendeka. "Lakini mbele ya mzee sitadanganya. Niliona pia kwamba dirisha lingekuonyesha kijiti kisicho na mkato. Nikapenda usikione. Hapo nilikosea."

Mzee Sendeka alimrudishia mwanawe kijiti kilichokufa, akamkunjia vidole juu yake kama anayempa dawa.

"Hukuibiwa," alisema. "Nilisema ukiibiwa utarudi. Hukuibiwa, kwa hiyo baki Mikumi. Neno langu ni hilo."

Ndilo neno ambalo Lemayan alilingojea tangu maksai walipopigwa mnada. Aliomba alisikie. Sasa alilisikia mbele ya watu wote wa Magomeni na hakuinua hata kichwa.

"Lakini umemwita mtu mwizi," mzee aliendelea, "mlangoni kwake, mke wake anasikia. Kwetu jambo hilo halifutwi kwa kusema pole. Fundi, katika ng'ombe wa huyu kijana kuna mtamba mwekundu, ana mimba. Ni wako. Wiki ijayo nitamleta mwenyewe."

Mlangoni watu waliguna kwa heshima. Mtamba mwenye mimba si mchezo. Hata Rebeka aliishusha birika. Zabron alikuwa ameokota bisibisi, akaigeuza geuza mkononi.

"Nashukuru sana, mzee. Ni heshima kubwa. Mtamba huyo ana sikio lenu?"

"Analo."

"Basi fikiria mwenyewe. Ng'ombe mwenye sikio lenu, amefungwa uani kwa Mkaguru, hapa Magomeni. Itachukua miezi mingapi kabla kijana mmoja wa kwenu hajapita akamwona? Huyu wako ananijua. Amekaa kwangu, amekula kwangu, na bado ameniita mwizi. Huyo mwingine hanijui. Hatakuja kuniambia nifungue, mzee. Hatakuja na tochi."

Mzee Sendeka angeweza kusema kwamba jambo hilo haliwezekani, na watu wote pale walisubiri aseme. Lakini alikuwa na watoto wa ndugu zake, aliwajua mmoja mmoja, na hakuwa mtu wa kusema uongo. Alishika fimbo yake kwa mikono miwili akatazama sakafu.

"Fundi," alisema Lemayan, "nisamehe."

Zabron alikuwa amekwisha kuinama juu ya kasha. Alirudisha ubavu wake mahali pake, akaanza kukaza skrubu, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu ule ule kama vile hapakuwa na mtu chumbani. Alikaza zote sita.

"Feni ya mbele uipulize vumbi kila mwezi," alisema. "Usiiweke karibu na pazia. Lile la kioo ni mali yako, libebe pia."

"Kijiti chako nitakurudishia. Nitakwenda Dar, nitanunua kingine, nitakuletea."

"Kaa nacho. Una harusi Jumamosi." Alifuta mikono kwenye kitambaa, akaisukuma mashine mpaka ukingo wa meza, upande wa Lemayan. "Na siku ukitaka kuifungua tena, bisibisi zinauzwa pale stendi. Nunua yako."